Utangulizi: Muda wa Mtu Mzima Kujifunza

Ukiishi Kayanga, Nkwenda au Murongo, mkoani Kagera, bila shaka umewasikia watu wakitamani kujifunza kompyuta, ushonaji au ufundi wa sola, kisha wakamalizia, "Ila muda sina." Taaluma yetu, elimu ya watu wazima, inaanzia hapo. Wengi hudhani inahusu kuwafundisha wazee kusoma na kuandika tu. Inahusu zaidi ya hayo: jinsi mtu mwenye familia, shamba na madeni anavyoweza kumudu jambo gumu huku maisha yake yakiendelea.

Msingi wake ni huu. Mtoto wa shule ametengewa muda na jamii nzima. Mtu mzima hakutengewa na yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mwanafunzi atafundishwa nini, tunauliza atajifunza lini, na saa hiyo kazi yake ataishika nani.

Eneo hili limo katika historia ya jambo hilo. Mwaka 1968, Ziwa Magharibi, kama mkoa wa Kagera ulivyoitwa enzi hizo, uliingia pamoja na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa katika mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Ulifundisha kisomo chenye manufaa, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kupitia kazi ambayo mwanafunzi tayari anaifanya: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 takriban asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, takwimu za serikali zilionesha chini ya asilimia 10. Kwa maoni yangu, kilichosaidia sana ni kwamba darasa lilimfuata mtu kijijini na kazini kwake, kwa saa aliyoiweza.

Sasa tupande ngazi moja. Utakutana mapema na neno andragojia, yaani nadharia ya namna watu wazima wanavyojifunza. Mmarekani Malcolm Knowles ndiye aliyeieneza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hoja yake kuu ni kwamba mtu mzima huja na uzoefu, na hutaka kukitumia upesi anachojifunza. Kwa mfano, hapa Karagwe, shirika la maendeleo la KARADEA lilianzisha mwaka 1993 kituo cha kufundisha mafundi wa sola. Fikiria somo la wati-saa, kipimo cha umeme unaotumika: wati za kifaa mara saa kinazowashwa. Taa tatu za wati 5, zikiwaka saa nne, hutumia wati-saa 60. Aliyeachana na hesabu alipomaliza darasa la saba anaweza kuogopa kanuni hiyo ikiandikwa ubaoni. Lakini anajua vizuri kwamba jioni aliyowasha televisheni, taa zilizimika mapema. Mwalimu mzuri anaanzia kwenye giza hilo, na kanuni inafuata bila vita.

Huenda unajiuliza kama akili ya mtu mzima haijachoka. Ni kweli kasi ya kukariri hupungua kadiri umri unavyosogea. Hata hivyo, mtu mzima hufidia kwa kuunganisha jambo jipya na mengi anayoyajua. Zaidi ya hapo, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hukaa kichwani zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Tunaita hali hiyo kujifunza kwa vipindi vilivyoachana. Kwa mtu wa shughuli nyingi hii ni habari njema mno: nusu saa mara nne kwa wiki inaweza kumfaa kuliko saa mbili za Jumamosi, siku ambayo pengine ni ya gulio.

Sehemu ngumu ni kalenda. Kiangazi, kahawa inapochumwa na kuanikwa, darasa lenye vipindi virefu litabaki tupu, na hilo si uvivu. Mama anayechota maji na kupika hana jioni sawa na mumewe. Saa iliyopangwa na wanaume peke yao itamwacha nje.

Kwa hiyo, ukitaka kuwa mwezeshaji, kabla ya kuandaa somo la kwanza keti na wanafunzi wako, wanawake kwa wanaume, mwandike kazi zao za wiki nzima, siku kwa siku. Saa ya kuanzia muichague pamoja.