Kwa nini rangi za tovuti hutoweka kiolezo kinaposasishwa

WAMILIKI wengi wa tovuti zinazoendeshwa kwa mfumo wa WordPress wamewahi kukumbwa na kadhia moja: rangi, ukubwa wa maandishi na mpangilio wa kurasa walioushughulikia kwa siku kadhaa hutoweka mara tu kiolezo cha mwonekano kinaposasishwa.

Wapo wanaodhani kuwa tovuti imevamiwa. Ukweli ni kwamba aliyefuta kazi hiyo ni mfumo wenyewe, tena kwa kufuata utaratibu wake.

Mwonekano wa ukurasa wa intaneti huongozwa na amri za CSS, lugha iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kupitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Desemba 1996. Katika WordPress, iliyoanza mwaka 2003, amri hizo kwa kawaida hukaa katika faili liitwalo style.css, lililomo ndani ya folda ya kiolezo. Toleo jipya linapowekwa, folda ya zamani huondolewa yote, na kila mstari alioongeza mwenye tovuti huondoka nayo.

Baadhi huamua kutosasisha kabisa ili kulinda rangi zao. Uamuzi huo ni wa hatari kuliko tatizo lenyewe, kwa kuwa matoleo mapya mara nyingi huziba mianya ya usalama ambayo wadukuzi huitafuta.

Njia iliyo salama ni kutumia plagini, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye mfumo. Plagini ya CSS humpa msimamizi kisanduku cha kuandikia amri zake, kisha huzihifadhi katika hifadhidata, mbali na folda ya kiolezo. Ukurasa unapofunguliwa, amri za kiolezo husomwa kwanza na za plagini hufuata. Kwa kanuni ya CSS, amri mbili zenye uzito sawa zikigongana, ya mwisho ndiyo hushika. Kiolezo kikitaka vichwa viwe vya bluu na plagini ikataka viwe vyekundu, msomaji ataona vyekundu.

Uzito usipolingana, amri inayolenga kwa undani zaidi hushinda hata kama imetangulia. Ndiyo sababu wengine hubandika neno !important kila mahali, tabia inayomtesa yeyote atakayeirithi tovuti hiyo.

Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, WordPress yenyewe ina kisanduku cha namna hiyo. Hata hivyo, amri zilizoandikwa humo hufungamana na kiolezo kinachotumika wakati huo. Kiolezo kikibadilishwa, hazionekani tena katika kurasa. Zipo plagini ambazo amri zake hubaki kazini hata baada ya mabadiliko hayo. Kwa marekebisho makubwa, hasa yanayogusa muundo wa kurasa, kiolezo mtoto kinafaa zaidi kuliko kisanduku chochote.

Kwa aliyekwisha kuhariri style.css moja kwa moja, hatua ya kwanza ni kunakili mistari yake na kuihamishia kwenye plagini kabla ya kubonyeza kitufe cha kusasisha. Mabadiliko yasipoonekana papo hapo, huenda kivinjari bado kinaonyesha nakala ya zamani kiliyoihifadhi.