Kioo cha lori kifunikwe kwa nje, si kwa ndani

DEREVA anayetoka Dar es Salaam na mzigo wa Burundi huondoka akiwa na fulana moja mwilini na jasho mgongoni. Zaidi ya kilomita 1,300 baadaye, akishavuka Kabanga na kuingia Kobero, akapanda vilima vya Muyinga kuelekea Gitega, hukutana na kitu ambacho hakimo kwenye karatasi zake za forodha: baridi ya usiku.

Ryansoro, kusini mwa mji wa Gitega, ni nyanda za juu. Eneo lote hilo la kati liko karibu mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, anga huwa jeupe na joto la alfajiri huweza kushuka hadi karibu nyuzijoto 10. Mfanyabiashara aliyefika kwa Fuso au pikapu jioni, soko likiwa kesho yake, mara nyingi hulala ndani ya gari karibu na mali yake. Asubuhi huamka kioo cha mbele kikitiririka maji kwa ndani, blanketi limelowa miguuni, na Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa, kile kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kimejikunja kwenye dashibodi huku wino wa mhuri ukianza kusambaa.

Wengi hudhani gari linavuja. Halivuji. Maji hayo yametoka mapafuni mwao. Mtu mmoja akilala usiku kucha hutoa zaidi ya robo lita ya maji kwa pumzi na jasho. Dereva na utingo wake wakilala pamoja, hiyo ni nusu lita ndani ya chumba kidogo cha bati na kioo. Mvuke huo hutafuta mahali penye baridi kuliko kwingine, na mahali hapo ni kioo cha mbele. Ni kipana, ni chembamba, kimelala kikitazama juu, na katika usiku usio na mawingu hupoteza joto lake angani hadi kikawa cha baridi kuliko hata hewa iliyokizunguka.

Hapo ndipo penye kosa la wengi. Hutundika pazia, khanga au maboksi yaliyokatwa upande wa ndani. Faragha wanaipata, na hilo si dogo kwa mtu anayelala na fedha za mzigo. Lakini kioo kimebaki nje ya blanketi. Hewa yenye mvuke hupenya nyuma ya pazia, hukigusa, na maji huchuruzika vilevile, safari hii bila kuonekana mpaka boksi lianze kuoza.

Huko Ulaya, watu wenye magari-nyumba ya kutembelea na kulala wamelijua jambo hili kwa muda mrefu, ndiyo maana wengi wao huvalisha kioo koti kwa nje. Kifuniko kikiwa nje, kioo hubaki upande wa joto. Umande huangukia kifuniko.

Mchana faida ni hiyo hiyo, ila imegeuzwa. Mwanga wa jua hupita kiooni bila shida, ukagonga dashibodi na viti, ukageuka joto ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kwa urahisi. Gari lililofungwa juani huweza kuzidi joto la nje kwa nyuzijoto 20 ndani ya saa moja. Pazia la ndani hupambana na jua ambalo tayari limeshaingia. La nje hulizuia mlangoni. Anayesubiri foleni mpakani akiwa na dawa zilizoandikwa zisizidi nyuzijoto 30, au simu za kuuza zenye betri, afadhali alifikirie hili.

Kifuniko hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi wa maturubai huweza kukishona: turubai la nje lisilopitisha maji, katikati karatasi yenye povu na rangi ya fedha, ile inayowekwa chini ya mabati kupunguza joto la paa, na kitambaa laini upande wa kioo. Kipimo kizidi kioo kila upande, na mabawa mawili yaingie milangoni ili milango ikifungwa na kutiwa kufuli, mtu wa nje asiweze kukivuta. Bawa lenye mpira limefungwa kwenye vioo vya pembeni tu huibwa. Kioo kifutwe kwanza. Vumbi la barabarani likisuguliwa na kitambaa hukwaruza.

Hasara ipo. Aliyefunika kwa nje haoni mbele, na hawezi kuwasha gari na kuondoka ghafla. Panapotia shaka kiusalama, basi avumilie maji.

Lipo jambo moja lisilo na mjadala. Burundi imepitia miaka ya uhaba wa mafuta, na hakuna anayetaka kuchoma dizeli usiku kucha ili apate hewa ya moto. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya gari. Moshi wa mkaa uliokwisha kushika una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu akiwa usingizini. Hata jiko linaloonekana limezimika bado huitoa. Kifuniko cha nje, blanketi mbili na soksi hutosha, na kidirisha kimoja kiachwe wazi upana wa kidole, kikiwa na chandarua, kwa sababu mvuke lazima utoke na mbu wa malaria wapo.

Asubuhi kifuniko kilicholowa kisikunjwe nyuma ya kiti. Kitandazwe juu ya mzigo, kifungwe kwa kamba, kikauke gari likielekea sokoni.