Pima chaji kabla ya kununua balbu nyingine

Mfanyabiashara anayesomba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kubadili balbu za taa za mbele kila mara, hupoteza fedha bure: kasoro mara nyingi haimo kwenye balbu.

Injini ikinguruma, gari la volti 12 husoma karibu volti 14. Mita ikipita 15, rejuleta ya alteneta imeharibika, na betri itafuata. Umeme ukizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu hupungua karibu nusu.

Chaji ikiwa sawa, kagua taa inayotikisika au inayoingiza maji. Kioo cha balbu ya halojeni kisishikwe kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukiharibu.

Kupima ni dakika chache. Kukwama gizani njia ya Shinyanga ni kukosa soko la asubuhi.