Je, Wajua? Nani Analinda Pansiyo ya Mfanyakazi wa Butembo na Beni

Je, wajua kwamba siku 14 tu kabla ya Kongo kupata uhuru, Ubelgiji ilijifunga kisheria kulipa pensheni za watu waliofanya kazi huku?

Sheria hiyo ni ya tarehe 16 Juni 1960. Iliyaweka mashirika yaliyosimamia hifadhi ya jamii ya waajiriwa wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi chini ya udhibiti na dhamana ya Serikali ya Ubelgiji. Mifuko ile hata ingekauka, hazina ya Brussels ingelipa. Lakini soma vizuri neno "waajiriwa". Wakati ule walioitwa "employés" walikuwa karibu wote Wazungu, na bima yao ya uzeeni ilikuwa imewekwa tangu 1945. Mkongomani aliyechimba dhahabu Mangurejipa au kuchuma kahawa karibu na Beni aliitwa "travailleur". Pensheni yake ilipangwa kwa dikri ya 6 Juni 1956 na ikaanza tarehe 1 Januari 1957, miaka mitatu na nusu kabla ya bendera kushushwa. Dhamana ya Brussels haikumfikia.

Mlinzi wake alitakiwa awe Leta changa ya Kongo. Tarehe 29 Juni 1961 mifuko ya kikoloni ya wafanyakazi iliunganishwa, ikazaliwa INSS, jina ambalo wazee wengi wa Kivu hawajaliacha hadi leo, ingawa shirika lenyewe sasa ni CNSS.

Je, wajua kwamba franka 1 ya mwaka 1998 ilikuwa na thamani ya zaire bilioni 300 za zamani?

Hesabu ni hii. Zaire ilipoanza mwaka 1967, noti ya zaire 1 ilinunua dola 2 za Marekani. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: 1 kwa milioni 3 za zamani. Mwishoni mwa Juni 1998 ikaja franka: 1 kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe.

Sasa mfikirie fundi wa MGL, kampuni ya madini ambayo kituo chake ndicho kilichoukuza mji wa Butembo. Mwaka 1976 MGL inaunganishwa na wenzake kuwa SOMINKI. Kila mwezi fundi anakatwa mchango, naye hana wasiwasi, maana karatasi yake ya mshahara inaonyesha makato. SOMINKI inavunjwa mwaka 1997, na mwaka unaofuata fedha yenyewe aliyochangia haipo tena. Hakuna aliyehitaji kuvunja sanduku. Pesa ziliyeyukia humo humo ndani.

Jambo hili linaniuma kuliko wizi wowote. Mwizi hushtakiwa. Sifuri 11 utazishtaki wapi? Serikali inaposema inasimamia pensheni, kazi yake ya kwanza ni kuangalia kama franka ya leo itanunua kitu siku mzee atakapokuja kuidai. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, unaitaka serikali ibebe dhamana ya jumla ya malipo hayo na ihakikishe hesabu za muda mrefu za mfuko zinafanywa kila baada ya kipindi. Uliridhiwa miaka michache tu kabla ya gharika ya sifuri hizo.

Je, wajua unakatwa kiasi gani?

Chukua mshahara wa franka 400,000. Kwa viwango vilivyokuja na sheria namba 16/009 ya 15 Julai 2016, wewe unatoa asilimia 5, yaani 20,000. Mwajiri anaongeza asilimia 13 kutoka mfukoni mwake, yaani 52,000: 20,000 za pensheni, 6,000 za ajali na magonjwa ya kazini, 26,000 za malezi ya watoto. Jumla 72,000 kila mwezi kwa jina lako. Zamani pensheni ilipata asilimia 7 tu, mfanyakazi 3.5 na mwajiri 3.5. Sheria hiyo pia iliweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60 kwa wote; kabla yake mwanamume alingoja hadi 65.

Hizo 26,000 za watoto zina historia yake. Chini ya INSS, mfuko wa posho za familia ulifanya kazi Katanga peke yake. Kwingineko, Kivu ikiwemo, mwajiri aliachiwa awalipe watu wake moja kwa moja, na mtu wa Butembo anajua maana ya kuachiwa mwajiri.

Je, wajua kwamba kuna mkaguzi wa pensheni yako anayetoka Lomé, Togo?

CNSS, iliyoundwa kwa dikri ya 14 Julai 2018, ina mabwana wengi. Wizara ya Kazi na Hifadhi ya Jamii ndiyo msimamizi wake wa kila siku. Inspection Générale des Finances, ile IGF inayotajwa sana redioni, inaweza kuingia na kufungua vitabu. Mahakama ya Hesabu, ambayo sheria yake mpya ni ya Novemba 2018, nayo ina haki hiyo. Juu ya hao kuna CIPRES, umoja wa nchi za Afrika uliozaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Abidjan tarehe 21 Septemba 1993. Makao yake yapo Lomé, na wakaguzi wake huenda nchi hadi nchi kupima kama mifuko inaendeshwa kwa kanuni zilizokubaliwa. Kongo ni mwanachama. Ila usiipeleke kesi ya pansiyo yako kwa ARCA: hiyo inasimamia kampuni za bima za biashara.

Mtumishi wa Leta ana mfuko mwingine kabisa, CNSSAP, ulioundwa Desemba 2015 na ulio chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma. Kabla yake mtumishi hakuchanga chochote. Pensheni yake ilitoka katika bajeti ya mwaka, kama chaki na petroli. Bajeti ikikauka, mzee anabaki kazini. Ndiyo maana katika shule zetu umemwona mwalimu mwenye mvi anayeshikilia ubao ili asianguke, na bado anaingia darasani saa moja na nusu. Anaogopa kutoka.

Je, wajua wenzetu ng'ambo ya mpaka wa Kasindi wanafanyaje?

Uganda ina NSSF. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwaka mmoja baadaye Bunge lao liliunda kamati teule kuchunguza uendeshaji wa mfuko huo, na mahojiano yakaonekana kwenye televisheni. Tanzania ilifuata njia nyingine: mwaka 2018 iliunganisha mifuko minne ya watumishi kuwa PSSSF, na mamlaka ya usimamizi, SSRA, ikavunjwa. Mimi naipendelea ile ya Uganda ya kuuliza hadharani. Hata katika likelemba ya wamama wa sokoni, daftari hufunguliwa mbele ya wote, na aliyeshika sanduku si yule aliyeshika ufunguo.

Katika eneo la Beni, suala la pensheni lina uzito mwingine. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa na kukimbia vijiji vyao. Oicha, Mbau na Eringeti wanajua. Mjane ana haki ya pensheni ya mume wake aliyechangia, lakini lazima athibitishe ndoa, kifo na kazi. Nyumba ikiungua, ushahidi huungua nayo. Tangu Goma iangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, serikali ya mkoa imehamia Beni, basi wakubwa wako karibu kuliko walivyowahi kuwa. Waambiwe hayo.

Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2006 kinataja pensheni ya kustaafu kwa jina lake. Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa, iwe Kimemi, Bulengera, Mulekera au kule Kasindi, mwezi huu muulize bosi wako mambo mawili: namba yako ya CNSS na risiti ya mchango wa mwisho. Zipige picha, mtumie ndugu aliye mji mwingine, na nakala moja mpe mama watoto aifiche.