MALI BILA DAFTARI: SHERIA YA TAKWIMU INASEMA NINI?

Ndugu wanakisomo, wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka asiyeandika hajui amebakiza sukari kilo ngapi. Mkulima asiyehesabu magunia yake hajui kama mwaka huu amepata au amepata hasara. Serikali nayo ni hivyo hivyo. Isipojua wananchi ni wangapi, itapangaje shule, dawa na maji?

Hesabu za namna hii, zikikusanywa na kupangwa, huitwa takwimu. Kazi ya kuhesabu watu wote nchini huitwa sensa. Leo tutaeleza sheria inayosimamia kazi hiyo.

Hofu ya wazee

Katika ziara zetu vijijini tumekutana na wazee wanaoficha watu. Karani akiuliza, "Mko wangapi?" mzee anajibu, "Saba." Kumbe wako kumi. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia, "Mwalimu, ukitaja wote utaletewa kodi."

Sisi hatumcheki mzee huyu. Hofu yake ina mizizi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Tangu hapo watu walizoea kuona kalamu na kodi zikija pamoja. Hata kodi ya maendeleo, ambayo wengi wetu tunaikumbuka, ilifutwa mwaka 2003 tu.

Lakini sensa si kodi. Tuone sheria yenyewe.

Kamba yenye ncha mbili

Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 2002. Inaipa kazi Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na mkuu wake anaitwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Zanzibar nayo ina ofisi yake ya takwimu.

Sheria hii ni kama kamba yenye ncha mbili. Ncha ya kwanza inakufunga wewe mwananchi. Karani halali akija, unatakiwa kumjibu, tena kwa kweli. Kukataa kujibu bila sababu, au kudanganya kwa makusudi, ni kosa.

Ncha ya pili inamfunga karani. Kabla ya kuanza kazi anakula kiapo cha kutunza siri. Haruhusiwi kwenda kilabuni kusimulia kwamba kwa fulani kuna watoto wangapi, au kwamba fulani hakusoma. Akitoa siri yako, yeye ndiye mkosaji, naye anaweza kushtakiwa. Hesabu ikitangazwa, hutangazwa ya kata, ya wilaya, ya mkoa na ya taifa. Jina lako halimo.

Mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni 10 za takwimu rasmi. Mojawapo inasema habari za mtu mmoja mmoja ziwe siri, na zitumike kwa takwimu tu.

Hasara ya kuficha

Sasa tupige hesabu. Chukua kijiji chenye kaya 100. Kila kaya ikificha watu watatu, wamefichwa watu 300. Hao watakula, wataugua na watataka shule. Lakini katika mpango wa Serikali hawapo. Dawa zikiisha zahanati kabla ya wakati, tutamlaumu nani? Mficha uchi hazai.

Nchi yetu inakua upesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Katika miaka kumi tumeongezeka watu 16,812,197. Mpango uliofanywa kwa hesabu ya zamani hauwezi kututosha.

Je, sisi wenyewe tunaruhusiwa kuhesabu?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi. Mwaka 2018 Bunge liliongeza katika sheria kifungu kilichokataza mtu kutangaza takwimu zenye kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Faini yake ilikuwa haipungui shilingi milioni 10, na kifungo hakipungui miaka 3. Watu wengi walilalamika. Benki ya Dunia nayo ilieleza wasiwasi wake. Mwaka 2019 Bunge lilibadili sheria tena, na katazo lile likaondolewa.

Kwa hiyo kamati ya shule inaweza kuhesabu watoto wanaokaa chini kwa kukosa madawati, na kuipeleka hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji. Hilo si kosa. Ila tusiiite takwimu rasmi. Takwimu rasmi ni zile zinazotolewa au kuthibitishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tena tuhesabu kwa uaminifu. Hesabu ya uongo haijengi, hata ikitoka kwetu.

Karani akibisha hodi

Mkaribishe, lakini mwombe kitambulisho. Kama una shaka, mwite mwenyekiti wa kitongoji amtambue. Usimpe fedha, maana kuhesabiwa hakuna malipo. Taja kila mtu anayestahili kuhesabiwa kwako: mtoto mchanga, bibi kizee, na yule mlemavu ambaye wengine humficha chumbani. Huyo naye ni mtu, na asipohesabiwa hatakumbukwa.

Ndugu wanakisomo, ninyi mnajua kusoma na kuhesabu. Waelezeni na majirani ambao bado hawajui.

Maswali ya kujadili

1. Sheria inamtaka mwananchi afanye nini? Inamtaka karani afanye nini?
2. Kwa nini watu wengine huficha hesabu ya watu wa nyumbani?
3. Kijijini kwenu kuna jambo gani linalofaa mlihesabu wenyewe?