Pumzi na Pumziko: Mazoezi ya Vipindi kwa Mtu Mzima

Wahenga waliponena kuwa mwenda pole hajikwai, bila shaka hawakuwa wakiyafikiria mazoezi ya viungo. Hata hivyo, methali hii ndiyo hutolewa na watu wazima wengi kama ushahidi wanapoulizwa kwa nini hutembea tu jioni na kamwe hawakimbii. Hawajapotoka sana. Kutembea ni mazoezi, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Lakini pumzi ya mtu asiyejizoeza, yaani ule uwezo wa kupanda ngazi bila kutweta, hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya kutimiza miaka 30. Makala haya yanalenga kufafanua njia mojawapo ya kuirejesha, yaani mazoezi ya vipindi, na hususan ile sehemu yake inayopuuzwa mno: pumziko.

Wataalamu wa fiziolojia huipima pumzi kwa kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja. Mtu angedhani kizuizi ni mapafu, ilhali kwa mtu mwenye afya kizuizi aghalabu ni moyo. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Akijitahidi sana, ingawa hana mazoea, huweza kufikia lita 20 hivi. Idadi ya juu ya mapigo ya moyo haiongezwi na mazoezi. Hushuka kadiri umri unavyosonga. Kinachoongezeka ni kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo, na ili kiongezeke, moyo sharti ufanyishwe kazi karibu na kikomo chake. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu hakuna awezaye kudumu kikomoni. Akikimbia kwa nguvu mfululizo, baada ya dakika chache miguu hugoma. Akitua kidogo, huweza kurudia, kisha akarudia tena. Mwisho wa siku, jumla ya dakika alizokaa karibu na kikomo huwa nyingi kuliko ambazo angezipata kwa mkupuo mmoja.

Jambo hili halikuanza jana. Katika miaka ya 1930 nchini Ujerumani, mkufunzi Woldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell waliwapangia wanariadha mbio fupi zenye mapumziko yaliyopimwa kwa mapigo ya moyo. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi 1955. Wajerumani hao waliamini kuwa moyo hukua hasa wakati wa pumziko, na ndiyo maana zoezi lenyewe likaitwa kwa jina la ile nafasi iliyo kati ya mbio mbili. Utafiti wa baadaye umeelekeza sifa zaidi kwa kipindi cha nguvu. Hata hivyo, Kiswahili kingewaunga mkono kwa kiasi fulani, maana pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Anayepumzika ni yule anayerudishiwa pumzi yake.

Huko Uswidi, katika miaka iyo hiyo, Gösta Holmér alibuni fatileki, maana yake mchezo wa kasi. Mbegu hiyo imeota vyema katika ardhi ya Kenya. Mjini Iten, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, makundi ya wanariadha hujaa kwenye barabara za vumbi Alhamisi asubuhi: dakika moja mbio, dakika moja polepole, hivyo hivyo hadi dakika 40 au zaidi. Mgeni hustaajabia mbio zao. Angestaajabia pia jinsi wanavyokwenda taratibu katika zile dakika za kutua.

Je, haya yanamfaa mtu asiye mwanariadha? Mwaka 2007, watafiti wa Trondheim, Norwe, waliwagawa wanaume 40 wenye afya katika makundi manne. Wote walifanya kazi sawa kwa jumla, siku tatu kwa juma, kwa majuma manane. Waliokimbia vipindi vinne vya dakika nne, moyo ukiwa kwenye asilimia 90 hadi 95 ya upeo wake, na mapumziko ya dakika tatu ya mwendo mwepesi, waliongeza pumzi kwa asilimia 7.2. Makundi mawili yaliyokimbia mfululizo hayakupata ongezeko la maana.

Mwaka huohuo, Wanorwe walichapisha matokeo ya wagonjwa 27 wenye moyo dhaifu: waliofanya vipindi chini ya uangalizi waliongeza pumzi kwa asilimia 46, na wale wa mwendo wa wastani kwa asilimia 14. Habari hizi zilisambaa kama moto wa nyika. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2017, uliowahusu wagonjwa 261 barani Ulaya, haukuuona ubora huo; wengi waliopangiwa nguvu nyingi hawakuifikia, na wengi waliopangiwa wastani waliupita. Fauka ya hayo, utafiti wa Trondheim wa mwaka 2020, uliowafuatilia wazee 1,567 kwa miaka mitano, haukuthibitisha kuwa vipindi vinarefusha maisha kuliko kufuata ushauri wa kawaida wa mazoezi. Kwa hiyo anayeuza vipindi kama kinga ya mauti anauza asichokuwa nacho. Kilichothibitika ni pumzi, na pumzi si jambo dogo kwa anayeishi ghorofa ya tano.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 45 ambaye kazi yake ni kusimama ubaoni na kuketi ofisini. Kwa kanuni ya kutoa umri kutoka 220, upeo wa moyo wake ni mapigo 175 hivi, na asilimia 90 yake ni takriban 158. Kanuni hii hukosea kwa mapigo kumi au zaidi, hivyo ni heri atumie ulimi wake: katika kipindi cha nguvu aweze kutamka maneno machache tu, si sentensi kamili. Akiwa na shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua, aanzie kwa daktari. Akiwa mzima, atembee kwa majuma kadhaa kwanza, kisha atafute mlima usio mkali. Mlima humtaka nguvu bila kasi, na magoti humshukuru. Apashe mwili joto dakika kumi, apande dakika nne, ateremke polepole dakika tatu, mara mbili tu katika majuma ya mwanzo. Na kila anapoteremka ajaribu kusema sentensi nzima bila kukatiza. Ikimshinda, asipande tena siku hiyo.