Kusubiri Majibu: Utangulizi wa Saikolojia ya Saratani kwa Msomaji wa Dar es Salaam

Kati ya siku daktari anapouthibitisha uvimbe kwenye titi na siku karatasi ya majibu inaposomwa, kuna kipindi ambacho vitabu vya tiba hukipita kwa mstari mmoja. Mwanamke wa Chamazi au wa Bunju hakipiti hivyo. Anaamka nacho, anapanda nacho daladala, anapika nacho, na usiku wenzake wakilala yeye anajipapasa tena kuona kama uvimbe umekua. Chakula hakipiti, usingizi hauji, moyo unadunda kila simu inapoita. Nakukaribisha, msomaji, kwenye saikolojia ya saratani, elimu inayokihesabu kipindi hicho kuwa sehemu kamili ya matibabu. Ni elimu changa duniani, na kwetu ni changa zaidi, lakini tayari inayo ya kumpa mtu anayesubiri leo.

Hoja yangu naisema mapema ili usome ukiijua. Kusubiri vizuri hakumaanishi kusubiri bila hofu. Hofu ya uvimbe kwenye titi ni hofu ya mtu mwenye akili timamu. Anayesubiri vizuri ni yule anayefika siku ya majibu, akayachukua, akayasikiliza mpaka mwisho, hata kama mikono inatetemeka.

Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu wasiwasi mwingi unatokana na kutoijua. Mwanamke wa Mbagala au Tandika kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Mwenzake wa Kinondoni hupelekwa Mwananyamala. Huko daktari hupapasa matiti yote mawili na makwapa, kisha huagiza picha: ultrasound, na kwa wenye umri mkubwa zaidi mara nyingi mammogramu. Picha ikiacha shaka, huchukuliwa chembe kwa sindano nyembamba, au kinyama kwa sindano nene. Kesi nyingine huvuka mpaka Muhimbili, Upanga au Mloganzila, na nyingine hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Jina hilo la mwisho lina uzito wake jijini. Jengo la kale la Ocean Road ni hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Katika maneno ya mtaani, kusikia kwamba fulani kapelekwa Ocean Road ni kama kusikia hukumu imeshatoka. Ndiyo maana wapo wanaoficha karatasi ya rufaa chini ya godoro. Lakini kuitwa kwa vipimo si kuambiwa una ugonjwa, na katika chumba cha kusubiria wamo wanaokuja kuchunguzwa tu, na wamo waliotibiwa zamani wanaorudi kuangaliwa.

Kisha kinyama chenyewe kinaenda wapi? Hili huwa hatumwambii mgonjwa, naye hubaki kudhani kwamba majibu yamekwisha kujulikana ila anafichwa. Kipande kile, chembamba kama kijiti cha kiberiti au chini ya hapo, huwekwa kwenye dawa iitwayo formalini ili kisioze. Lazima kikae humo saa zisizopungua 6, na inashauriwa zisizidi 72. Baada ya hapo hupitishwa kwenye alkoholi kuondoa maji, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akikague kwa hadubini. Akiona saratani, kuna vipimo vingine vya kujua kama inalishwa na homoni, kwa kuwa jibu hilo husaidia kuamua dawa. Wataalamu hawa ni wachache nchini, na mabenchi yao ya kazi yana vinyama kutoka kila wilaya. Kwa hiyo mara nyingi majibu yakichelewa, kilichochelewa ni foleni. Kuchelewa peke yake hakusemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kinyama. Naamini mwanamke aliyeelezwa haya kwa dakika tano, kabla ya kuondoka, analala afadhali kuliko aliyeambiwa tu “rudi baada ya wiki mbili.”

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kwa wasichana na wanawake vijana mara nyingi huwa ni fibroadenoma, kivimbe kigumu kinachotelezateleza kinapobonyezwa, kisicho na hatari. Wengine wana mfuko wa maji tu. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa na jipu. Ila mkono hautoshi kutofautisha, hata mkono wa bingwa, na kukosa maumivu si dalili ya usalama, kwani saratani changa ya titi mara nyingi haiumi. Hapo ndipo uzito wa kusubiri vizuri unapoonekana. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba takribani asilimia 80 ya wanawake wanaogundulika na saratani ya titi Tanzania hugundulika ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku hizo 60 zinaweza kuliwa na foleni, nauli na mashine mbovu. Zinaweza pia kuliwa na hofu ya mwanamke anayeamua kutorudi. Foleni ni wajibu wa serikali na hospitali. Hofu ndiyo inayoshughulikiwa na elimu hii.

Elimu yenyewe ina mama yake. Jimmie Holland, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Texas mwaka 1928, alishangaa kuona madaktari wa saratani wakimuuliza mgonjwa kuhusu kila kiungo cha mwili wake bila kumuuliza anajisikiaje moyoni. Mwaka 1977 alianzisha huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, na mwaka 1984 akaasisi chama cha kimataifa cha fani hii. Yeye na wenzake ndio waliotoa mwaka 1998 kile kipimajoto cha dhiki: mchoro wa kipimajoto wenye namba 0 hadi 10, mgonjwa anaonyesha kwa kidole wiki hii yuko wapi. Anayefika 4 na kuendelea anahitaji kuzungumza na mtu. Hakihitaji umeme, hakihitaji bima, na muuguzi wa Mwananyamala anaweza kukitumia akiwa anapima presha.

Kwa nini kusubiri kunatesa kuliko hata jibu baya? Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2016 jaribio ambamo washiriki walifunua mawe katika mchezo wa kompyuta. Chini ya mengine kulikuwa na nyoka, na kila nyoka alileta mshtuko mdogo wa umeme mkononi. Waliosononeka zaidi hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba watapigwa. Mwili ulitaabika zaidi pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Elvira Lang na wenzake, kule Marekani, walipima homoni ya dhiki katika mate ya wanawake 126 waliokuwa wamechukuliwa kinyama cha titi. Matokeo yao ya mwaka 2009 yaonyesha kwamba siku tano baada ya kipimo, wale ambao bado hawakuwa na jibu la uhakika walikuwa na mwenendo wa homoni unaofanana na wa wale walioambiwa wana saratani. Mume anayemwambia mkewe “acha kujisumbua, hujaambiwa unaumwa” ayasome haya. Mwili wa mkewe unabeba mzigo wa mgonjwa kabla ya ugonjwa kuthibitishwa.

Sasa anayesubiri afanye nini? Hapa nataka tuwe wakweli, kwa kuwa ushauri wa bure ni mwingi. Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, amefanya kusubiri kuwa kazi yake ya kitaaluma. Aliwafuatilia wahitimu wa sheria waliosubiri miezi minne majibu ya mtihani wa uwakili, na katika tafiti nyingine akawatazama wagonjwa wanaosubiri majibu ya kinyama. Aligundua kwamba wasiwasi huwa mkali mwanzoni, hupungua katikati, kisha hupanda tena siku za majibu zikikaribia. Lijue hilo, maana mwanamke aliyekuwa ametulia wiki nzima akaanza kutetemeka siku mbili kabla ya kliniki hudhani ni ishara mbaya, kumbe ndivyo kusubiri kulivyo. Aligundua pia kwamba juhudi za kuufukuza wasiwasi kwa nguvu hazikusaidia sana. Tena wale waliohangaika wakati wa kusubiri walilipokea jibu baya kwa utayari zaidi.

Kilichopunguza makali ni kazi inayomeza akili nzima: ile inayomfanya mtu asahau saa. Kwetu kazi hizo zipo tele. Kushona, kusuka nywele, kusuka ukili, kupamba keki ya harusi, kwaya yenye wimbo mgumu. Kukaa mbele ya televisheni hakutoshi, maana akili hupata nafasi ya kurudi kwenye titi. Njia nyingine ilipendekezwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983: tenga nusu saa ya mawazo kila siku, mahali pamoja, muda uleule, na wasiwasi ukija saa nyingine uuahirishe mpaka nusu saa yake. Inasikika kama mchezo, lakini imesaidia watu wengi, na haimkatazi mtu kuogopa. Inampa hofu ratiba. Ndani ya nusu saa hiyo ayaandike maswali ya kumuuliza daktari, maana chumbani kwa daktari mengi husahaulika.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wengi hudhani fani hii ni mgeni kutoka New York. Dar es Salaam ilikwisha kujifunza kusubiri majibu, na ilijifunza kwa machozi. Mwaka 1989, UKIMWI ulipokuwa ukiangamiza familia na hakuna dawa, Theresa Kaijage na wenzake walianzisha shirika la WAMATA hapa jijini, wakawafuata wagonjwa majumbani na kukaa nao. Kuanzia mwaka 2001 vituo vya Angaza, vya ushauri nasaha na kupima VVU, vilieneza desturi ambayo leo tunaiona ya kawaida: mtu hashauriwi tu baada ya kipimo, anashauriwa pia kabla yake. Anaulizwa, jibu likiwa hivi utafanyaje, likiwa vile utamwambia nani? Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 uhakiki wa dodoso la maswali 25 la kupima wasiwasi na sonona, walioufanya kwa wajawazito wenye VVU nchini. Kwa ushauri nasaha, basi, tuna walimu, tuna vipimo, tuna desturi. Kilichokosekana ni kuivusha desturi hiyo kutoka mlango wa VVU hadi mlango wa kliniki ya matiti. Mwanamke anayekwenda kupima VVU anaandaliwa; anayechukuliwa kinyama cha titi mara nyingi anapewa tarehe tu. Sioni sababu yoyote ya kitaalamu ya tofauti hiyo.

Wala hatuhitaji kungoja wanasaikolojia wajae kila kata. Pembezoni mwa Nairobi wahudumu wa afya wa jamii, wasiosomea saikolojia, walifundishwa mpango wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 wanawake 421 walioshiriki waligawanywa makundi mawili, na waliopata vikao hivyo walipungukiwa dhiki kuliko wenzao. Kinachowezekana Nairobi kinawezekana Toangoma.

Nyumbani kuna mambo yake. Amwambie nani? Mwanamke anaogopa mume atamkimbia, mama mkwe atasema karogwa, mashoga wa kikoba watalitangaza. Ushauri wangu ni kumchagua mmoja, asiye na papara, anayeweza kupanda naye daladala siku ya majibu na kusikia yale ambayo masikio yake mwenyewe yatashindwa kuyashika. Dua na maombi yana nafasi kubwa. Nimewaona wanawake wakisimama imara kwa sababu ya msikiti au jumuiya yao. Hatari inakuja pale anapoambiwa ameshapona asirudi hospitali, au kwamba titi likiguswa na chuma saratani husambaa. Hili la pili linaua. Kuchukua kinyama hakujaonyeshwa kufupisha maisha ya mwenye saratani ya titi. Kuchelewa ndiko kunakofupisha.

Kwa mwanafunzi wa uuguzi, ustawi wa jamii au saikolojia anayesoma haya: kipindi cha kusubiri kwa wanawake wa pembezoni mwa jiji bado kinahitaji watafiti wake. Ni akina nani hawarudi kuchukua majibu, na kwa nini? Ujumbe wa simu ungewarudisha wangapi? Njoo tufanye kazi hiyo.

Na wewe uliyechukuliwa kinyama na tarehe yako ikapita kwa sababu ya woga au nauli, karatasi yako bado ni haki yako. Nenda kesho asubuhi na mtu wako, uulize majibu kwa jina lako na namba ya jalada. Hawapaswi kukugombeza, na hata wakikugombeza, yachukue.